Ile asilimia 5 uliyokatwa si ushuru wako wote

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa:

"Shikamoo mwalimu. Mimi huchora ramani za majengo. Nilikuwa mwajiriwa wa kampuni ya ujenzi kwa mshahara wa Sh90,000, mkononi nikipata kama 65,000 hivi. Januari 2025 tuliitwa mmoja mmoja tukaambiwa hali ni ngumu, kwa hiyo sasa tutakuwa 'washauri' wanaojitegemea, na pesa ni zile zile 90,000. Nikatia sahihi. Wananikata asilimia 5, naingiziwa 85,500. Kusema kweli nilifurahi. Mwaka huu mhasibu wao anasema nisipoleta ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya ushuru, KRA, watanikata asilimia 30. Rafiki yangu ananishauri nilipe ushuru wa mauzo wa asilimia 3 mambo yaishe. Kuna mteja mwingine mdogo niliyemchorea kazi moja, yeye alinikata asilimia 3. Mwalimu, mimi na KRA tumemalizana au bado? Na hiyo asilimia 30 ni ya sheria gani? Kazi ni ile ile, nakaa meza ile ile, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja."

Marahaba, mwanangu. Hamjamalizana. Na afadhali usikie habari hiyo kwangu Machi kuliko kuisoma kwenye barua ya KRA mwezi wa Oktoba.

Nianze na hiyo asilimia 5, kwa sababu ndiyo iliyokupumbaza, na si wewe peke yako. Ofisini kwangu kila mwaka wanakuja walimu wa vyuo, wapiga picha, wahandisi na watu wa kompyuta wakiwa na imani hiyo hiyo: mteja amekata, basi serikali imeshapata haki yake. Sivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mteja anayemlipa mkazi wa Kenya ada ya kitaaluma inayofika Sh24,000 kwa mwezi azuie asilimia 5 na kuipeleka KRA. Hilo ni zuio tu, yaani malipo ya mapema yanayowekwa kwenye hesabu yako kwa PIN yako. Mwisho wa mwaka unapiga hesabu ya ushuru wako halisi kwa viwango vile vile vya mtu binafsi, unatoa kilichozuiliwa, kinachobaki unalipa. Kwa mfanyakazi, PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, humaliza kazi yote kila mwezi, na ndiyo maana hukuwahi kuona deni. Zuio halimalizi kitu. Linakuonja tu.

Tuweke nambari mezani. Ile kazi ndogo ya mteja wa pili tuiache kando kwanza.

Mwaka 2025 kampuni imekulipa 90,000 mara 12, yaani 1,080,000. Sasa wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo unaruhusiwa kutoa gharama za kazi: leseni ya programu ya kuchorea, intaneti, kuchapisha ramani, nauli ya kwenda saiti, uchakavu wa kompyuta. Tuseme zote zimefika 180,000 na zote zina ankara halali. Faida yako ni 900,000. Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2023, 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Zinazofuata 100,000 hutozwa asilimia 25, ambayo ni 25,000. Zilizobaki 512,000 hutozwa asilimia 30, ambayo ni 153,600. Jumla 207,400. Toa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 kwa mwaka, unabaki na ushuru wa 178,600. Kampuni imeshakukatia 54,000. Deni lako ni 124,600.

Najua umeshtuka. Hizo pesa zilikuwa zinaingia kwenye akaunti yako kila mwezi zikijifanya ni zako.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu hiyo ambalo nataka ulitazame vizuri. Ukikosa ankara za zile gharama za 180,000, faida yako inahesabika kuwa 1,080,000 nzima, na ushuru unapanda kutoka 178,600 hadi 232,600. Tofauti ni 54,000, sawasawa na kila senti ambayo kampuni imekukata kwa mwaka mzima. Yaani bahasha ya risiti iliyopotea inaweza kufuta zuio lako lote. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa na KRA.

Na hapa ndipo sheria zilipobadilika kwelikweli, zaidi ya viwango. Zamani risiti yoyote yenye muhuri ilitosha. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2024, gharama ya biashara haikubaliki katika hesabu ya ushuru wa mapato isipokuwa iwe na ankara iliyotolewa kwa mfumo wa kielektroniki wa KRA, ambao ndio eTIMS. Kuna vitu vichache vilivyosamehewa, kama mishahara, riba, tiketi za ndege na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, ambazo zina karatasi zake za forodha. Ada yako haimo. Wengine husema, "Lakini mimi sijasajiliwa kwa VAT, eTIMS inanihusu nini?" VAT ina kiwango chake cha mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, na wewe hujakifikia. eTIMS haiangalii hilo. Anayefanya biashara na kumuuzia anayefanya biashara anatakiwa atoe ankara humo, awe wa VAT au asiwe.

Sasa umwelewe mhasibu wa kampuni, hata kama lugha yake ilikuwa kali. Kampuni hulipa ushuru wa asilimia 30 ya faida. Ikikulipa 90,000 bila ankara ya eTIMS, KRA inaikataa gharama hiyo, na kampuni inatozwa ushuru kana kwamba hizo 90,000 zilibaki kwake kama faida. Ni 27,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 324,000 kwa ajili yako peke yako, na nyinyi mlioitwa ofisini mmoja mmoja huenda mlikuwa wengi. Mwaka 2024 na 2025 wahasibu wengi walijikaza wakisema wataona huko mbele. Huko mbele kumefika. KRA imetangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zinazotajwa kwenye ritani, kwa mwaka wa mapato wa 2025, zitalinganishwa na kilichomo kwenye eTIMS, kwenye rekodi za zuio na kwenye rekodi za forodha. Ndiyo sababu simu ilikuja mwaka huu wala si mwaka juzi.

Lakini kuelewa hofu yake si kukubali dawa yake. Hakuna kifungu cha sheria kinachomruhusu mteja kumkata mkazi asilimia 30 kwa sababu hajaleta ankara. Zuio la ada yako ni asilimia 5, basi. Hiyo 27,000 wakiikata haiendi KRA, haitoki na cheti kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kodi, na haipunguzi deni lako hata shilingi moja. Utakuwa umelipia ushuru wa kampuni kwa mfuko wako, kisha urudi ulipe na wako. Ukiambiwa tena habari ya asilimia 30, uliza swali moja tu kwa upole: "Cheti chake nitakipata lini kwenye iTax?" Utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Dawa ni wewe kutoa ankara, na si kazi ngumu. Kwa mtu mwenye wateja wawili watatu, eTIMS Lite inatosha: unaingia kupitia eCitizen, au kwa simu ya kawaida kwa *222#. Unaandika PIN ya kampuni, maelezo ya kazi, kiasi, basi. Na kuna mlango wa pili uliofunguliwa na sheria za marekebisho ya ushuru za Desemba 2024: muuzaji akiwa mdogo, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi anaweza kuitengeneza ankara hiyo yeye mwenyewe kwenye mfumo, na muuzaji akaithibitisha. Kwa hiyo mhasibu akidai kwamba amekwama kwa sababu yako, mwambie kwa heshima kwamba na yeye anayo njia. Mimi lakini nakushauri utoe mwenyewe. Anayeandika ankara ndiye anayeandika maelezo ya kazi, na maelezo ya kazi yana uzito wake, kama utakavyoona huko chini.

Zile sheria za Desemba 2024 zimewachanganya watu wengi, nami sishangai. Juni mwaka huo Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya vijana kuingia barabarani, na wengi walilala wakijua kwamba kila kitu kilichokuwamo kimekufa. Miezi sita baadaye baadhi ya mambo yalirudi katika sheria nyingine, kimyakimya, zilizoanza kutumika wiki ya Krismasi. Mengine yalikuwa mazuri kwako: michango ya SHIF, ile bima ya afya, na ada ya nyumba za bei nafuu sasa hutolewa kwenye mapato kabla ya kupigiwa ushuru, na mchango wa pensheni unaokubalika kutolewa ukapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Hilo la pensheni likumbuke, nitalirudia.

Rafiki yako wa asilimia 3 amekosea, ingawa nampa udhuru, kwa sababu ushuru wa mauzo umebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba hata sisi huangalia mara mbili. Ulianza 2008 kwa asilimia 3. Baadaye ukawekwa kando, ukarudi Januari 2020, ukashushwa hadi asilimia 1 wakati wa korona, kisha Julai 2023 ukarudishwa asilimia 3 kwa mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Mauzo yako ni 1,080,000, kwa hiyo kwa kuangalia nambari peke yake unaonekana umo. Lakini sheria hiyo inawatenga wanaolipwa ada za kitaaluma, za usimamizi na za mafunzo. Ni ushuru wa mwenye duka, fundi viatu, muuza nguo. Mchora ramani analipa kwa njia ndefu. Ukilipa hiyo asilimia 3 KRA itapokea, haitakukatalia, ila deni lako la kweli litabaki pale pale likiota riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Na yule mteja mdogo aliyekukata asilimia 3 hakutumia ushuru wa mauzo. Alitumia kiwango cha zuio cha malipo ya kandarasi, yaani kazi za kujenga majengo, barabara na uhandisi. Kuchora ramani ni taaluma, kiwango chake ni 5. Alikosea, lakini kosa hilo ni lake zaidi kuliko lako, kwa sababu kwako zuio likiwa dogo deni la mwisho linakuwa kubwa kwa kiasi kile kile. Muhimu ni kwamba mapato hayo nayo unayataja kwenye ritani.

Nasema hivyo kwa sababu kuna kishawishi. Kila mwaka kuna watu wanaojaza ritani ya sufuri kwa kuwa "hawana kazi, wana vibarua tu". KRA haihitaji jasusi wa kukutafuta. Inaona kwenye mfumo wake kwamba PIN yako imezuiliwa 54,000 kwa kiwango cha asilimia 5, na mtoto wa darasa la sita anajua 54,000 ni asilimia 5 ya kitu gani. Kampuni yako ilikutaja siku ile ile ilipokukata.

Ikiwa ilikata na kupeleka, lakini. Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili limenifika mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifanyia kazi mteja mmoja ambaye kila mwezi alinitolea asilimia 5 bila kukosa. Karatasi za malipo zilikuwa safi, zimepigwa chapa, "zuio" limeandikwa waziwazi. Nilipoingia iTax mwezi wa sita kuchukua vyeti vyangu, nikakuta viwili tu. Pesa za miezi kumi alikuwa amezitumia kwenye shughuli zake. Mimi ndiye mwalimu wa ushuru, na nilikuwa sijaangalia mwaka mzima! Nilizunguka na barua zangu mpaka nikapata sehemu, sehemu nyingine imebaki kuwa kisa cha kusimulia. Sheria iko upande wako: mteja aliyezuia anatakiwa kupeleka ndani ya siku 5 za kazi, na asipopeleka deni hilo hudaiwa yeye. Lakini mfumo unakutambulia vyeti, hautambui maneno. Kwa hiyo kila mwezi, siku kumi baada ya kulipwa, ingia iTax uone cheti kimetoka. Kisipotoka, andika barua pepe siku hiyo hiyo, na nakala za malipo uziweke.

Sasa nije kwenye sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama jambo dogo. "Nakaa meza ile ile, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja." Mwanangu, hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote.

Kuitwa mshauri hakukufanyi mshauri. Mahakama zetu na KRA wote huangalia kazi yenyewe inavyofanyika, si kichwa cha mkataba. Nani anakupangia saa? Kompyuta ni ya nani? Unaweza kukataa kazi? Unaweza kumtuma mwenzako akuwakilishe ukiwa mgonjwa? Ukiharibu ramani unairudia kwa gharama zako au unalipwa tu mwisho wa mwezi? Una wateja wengine wa maana? Kwa maelezo yako, majibu mengi yanaelekea upande mmoja: wewe bado ni mwajiriwa uliyevalishwa koti la mshauri.

Kwa nini walifanya hivyo? Sitaki kuwasema vibaya watu nisiowajua, lakini hesabu inajisema yenyewe. Kila mfanyakazi wa Kenya amekuwa ghali zaidi kwa mwajiri tangu 2023. Februari mwaka huo sheria ya 2013 ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, iliyokuwa imezuiwa mahakamani karibu miaka kumi, ilianza kutumika, na michango inapanda kwa hatua. Kuanzia Februari 2025, kwa mshahara wa 90,000 mchango ulikuwa 4,320 kwako na 4,320 kwa mwajiri. Ada ya nyumba ikaja, asilimia 1.5 kwako na 1.5 kwa mwajiri, yaani 1,350. Ongeza Sh50 za NITA, ile ada ya mafunzo ya kazi. Mshahara wa 90,000 ulikuwa ukiigharimu kampuni 95,720 kabla hujagusa likizo ya siku 21 kwa mwaka, likizo ya ugonjwa, miezi 3 ya uzazi na fidia ya kuachishwa kazi. Kwa kukuita mshauri, kampuni imeyatua yote hayo kwa kalamu moja.

Yametua wapi? Kwako. Kwa viwango hivyo vya 2025, kama ungebaki mfanyakazi ungepata mkononi kama 64,915 kwa mwezi, yaani karibu 779,000 kwa mwaka, huku SHIF na ada ya nyumba zimeshalipwa, na NSSF imekuwekea zaidi ya 100,000 za uzeeni ukijumlisha fungu la mwajiri. Kama mshauri, 1,080,000 ukitoa gharama zako 180,000 na ushuru 178,600 unabaki na 721,400. SHIF bado, nayo kwa asiyeajiriwa hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ada ya nyumba bado pia. Wengi hawajui kwamba sheria ya Machi 2024 ilimtoza na asiye mwajiriwa asilimia 1.5 ya mapato yake ghafi. Uzeeni, sufuri. Zile 85,500 zilizokufurahisha zilikuwa mshahara uliopunguzwa.

Nikipiga hesabu ya kukurudisha pale ulipokuwa, nikiweka fungu la NSSF la mwajiri, SHIF, ada ya nyumba, na mwezi mmoja wa likizo ambao sasa haulipwi, ada yako ingepaswa kuwa takribani 115,000 kwa mwezi. Usiseme ni nyingi. Kampuni ilikuwa ikitumia 95,720, na kama 15,000 za vifaa na safari ambazo sasa unazibeba wewe, pamoja na likizo. Kwa 115,000 haitakuwa imepata hasara. Haitapata tu ile faida ya bure.

Na wao wanacho cha kuhofia, jambo ambalo naona mhasibu wao hajawaambia. Mkaguzi wa KRA akisema nyinyi ni wafanyakazi, PAYE ambayo haikukatwa inadaiwa kwa mwajiri pamoja na adhabu na riba, kisha ada ya nyumba na NSSF zinafuata. Na ukipeleka malalamiko katika mahakama ya kazi ndani ya miaka 3, unaweza kudai likizo na haki nyingine kama mwajiriwa. Sikuambii uende mahakamani. Watu wana kodi ya nyumba ya kulipa na watoto wa kusomesha, na mji huu ni mdogo. Lakini ukienda kuzungumza nao, nenda ukijua kwamba si wewe peke yako uliye kwenye kiti cha moto.

Mimi ningewapa chaguo mbili. Ama wanirudishe kwenye orodha ya mishahara kwa 90,000, ama niwe mshauri kweli: nilipwe kwa ramani au kwa mradi, nitumie kompyuta yangu, nisitie sahihi kitabu cha kuingia, niwe huru kuchukua kazi za wengine, na ada iwe ile ya 115,000 au iliyo karibu nayo. Ndiyo maana nilisema uandike ankara mwenyewe. Ankara inayosema "ramani za ghorofa tatu, mradi fulani, toleo la pili" ni ya mshauri. Ankara 12 zinazosema "malipo ya mwezi" ni mshahara ulioandikwa kwa jina jingine. Chaguo la tatu, la kubaki hapo ulipo kwa 90,000, ndilo baya kuliko yote, nalo ndilo watakalokupa kwanza.

Kuhusu lile deni la 124,600. Baki ya ushuru wa 2025 inatakiwa ilipwe kufikia Aprili 30, na ritani ifike kabla ya Juni 30. Watu huyachanganya haya mawili, wanangoja Juni kulipa na kukuta adhabu ya asilimia 5 ya ushuru uliochelewa inawasubiri. Ukichelewesha ritani yenyewe, adhabu ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Kama huna 124,600 zote, lipa ulizonazo Aprili, kisha iandikie KRA uombe kulipa zilizobaki kwa awamu. Huwa wanakubali wakiona umeanza. Halafu kuna la mwaka huu. Kwa kuwa ushuru wako unapita 40,000, unatakiwa uulipe kwa robo: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Ukikadiria deni kama la mwaka jana, kila robo ni kama 31,150. Aprili kwa hiyo itakuwa na vilima viwili, tarehe 20 na tarehe 30. Fungua akaunti ya pembeni leo. Kila ukilipwa, tia humo asilimia 15 ya ada kabla hujanunua hata mkate.

Pensheni niliyosema: ukijiwekea kwenye mpango uliosajiliwa, sema 10,000 kwa mwezi, mapato yako ya kutozwa ushuru yanapungua 120,000 kwa mwaka na ushuru unapungua 36,000. Ni njia chache halali zinazokupa punguzo kama hilo bila kutumia pesa kwa kitu usichokihitaji. NSSF nao wana Haba Haba kwa wanaojitegemea, kwa mwenye kuanza kidogo. Kama utaanza, anza mwaka huu, kwa kuwa mchango wa leo hauwezi kuhesabiwa nyuma katika 2025.

Kazi ya wiki hii ni moja. Ingia iTax, pakua vyeti vyako vya zuio vya 2025, uviweke mezani pamoja na taarifa ya benki, mwezi kwa mwezi. Kimoja kinatoka kwa yule mteja mdogo. Vya kampuni vinatakiwa viwe 12. Vihesabu mara mbili kabla hujampigia mhasibu.